Jinsi ya kuwatoa wageni wa zamani kwenye chaneli yako ya matangazo

Siku ya mashindano ya mashua, kamera yetu ilikuwa juu ya ukuta wa ufukoni mjini Lamu, na watu walikuwa wakitutazama mubashara kutoka Mombasa, Muscat na Toronto. Mashua ya mbele ilipoanza kupiga bisho, simu yangu ikaita. Ni ami yangu, anatazama yuko kitandani Langoni.

"Mwanangu, nyinyi mumeanza kuuza sarafu lini?"

Nikafungua chaneli. Kichwa cha matangazo kilikuwa kimebadilika. Badala ya mashindano, kilikuwa kinaahidi kumrudishia mtu sarafu zake za kidijitali mara mbili. Tukakirudisha kichwa chetu, tukabadilisha nenosiri. Baada ya dakika kama kumi kikabadilika tena. Tukaweka nenosiri lingine, refu kuliko la kwanza. Kikabadilika mara ya tatu.

Aliyekuwa akitufanyia hivyo hakuwa na nenosiri letu, na wala hakulihitaji. Mwaka mmoja na nusu kabla, kijana mmoja wa kundi letu aliunganisha chaneli na kiprogramu cha kuonyesha maoni ya watazamaji kwenye skrini. Tulikitumia harusi mbili, tukakisahau. Kijana akahamia Mombasa. Idhini ikabaki pale pale, na usiku ule tulipoifuta, vituko vikakoma.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa yeyote mwenye chaneli ya YouTube au Twitch anayerusha harusi, mechi, mawaidha au michezo ya kompyuta, na ambaye amewahi kubonyeza "ruhusu" bila kusoma. Yaani sote. Kuelekea mwisho kuna sehemu ya wale wanaoandika programu zao wenyewe. Kama si wewe, iruke.

Funguo ni tatu, usizichanganye

Huku kwetu ukisema tokeni, mtu anafikiria stima: tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita, kazi imekwisha, karatasi unaitupa. Tokeni ya programu ni ya ukoo mwingine. Haiishi kwa kutumiwa mara moja. Mwenye nayo huitumia tena na tena, na hakuna anayemuuliza yeye ni nani. Kuwa nayo mkononi ndiyo ruhusa yenyewe.

Nenosiri ni ufunguo wa mlango mkubwa. Anayeujua anaingia kama mwenye nyumba.

Ufunguo wa matangazo ni ule msururu wa herufi na nambari unaoubandika kwenye OBS, ile programu ya kompyuta ya kurushia matangazo, ili video ifike kwenye chaneli yako. Anayeupata hawezi kusoma barua zako wala kufuta video za zamani, lakini anaweza kurusha chochote atakacho kwa jina lako.

Tokeni ni idhini uliyoipa programu fulani ifanye mambo fulani kwa niaba yako, bila kuijulisha nenosiri lako. Fikiria nyumba ya kiamu. Yuko mgeni wa dakani: anakaribishwa, anakaa barazani, anapewa kahawa, anaondoka bila kuona hata kiwanda, yaani ua wa ndani. Na yuko anayeruhusiwa kuingia mpaka ndani. Utaratibu unaotumiwa na Google na Twitch, uitwao OAuth 2.0 na uliochapishwa mwaka 2012, umejengwa juu ya tofauti hiyohiyo: kila idhini ina mipaka yake. Programu moja inaruhusiwa kusoma maoni tu, nyingine inaruhusiwa kubadilisha kichwa, nyingine kufuta video. Tabu ni kwamba wengi wetu tunamwambia kila anayepiga hodi apite mpaka ndani.

Jambo moja zaidi kabla ya hatua, nalo ndilo lililotutesa usiku ule. Kwa kawaida programu hupewa tokeni mbili. Ya kwanza, ya kuingilia, ina maisha mafupi: kwa Google ni saa moja, kwa Twitch ni kiasi cha saa nne. Ya pili, ya kuhuisha, kazi yake ni kwenda kuomba nyingine ya kuingilia kila ile ya kwanza inapokufa. Hiyo ya pili hudumu. Na ukibadilisha nenosiri la Google, idhini za YouTube hazikatiki. Zinazokatika ni zile zilizobeba ruhusa ya kufika kwenye Gmail. Kwa Twitch ni kinyume: ukibadilisha nenosiri, tokeni za programu zinakufa. Aliyezoea Twitch akija YouTube na mazoea yale anadhani amefunga mlango, kumbe amebadilisha kitasa tu na mgeni bado yumo ndani.

Hatua ya 1: tafuta kifaa safi na daftari

Usianze kazi hii kwenye kompyuta unayoishuku, wala kwenye ile ya ofisini inayotumiwa na kila mtu. Chukua simu au kompyuta unayoiamini. Daftari ni la karatasi. Andika ni akina nani wamewahi kushika chaneli, akaunti ipi ilitumika, na programu zipi mnazitumia sasa. Sisi tulikuwa na hakika ni tatu. Zilikuwa kumi na moja.

Hatua ya 2: safisha upande wa Google

Ingia kwa akaunti ya chaneli, kisha fungua anwani hii: myaccount.google.com/connections. Utaona orodha ya kila programu na tovuti iliyounganishwa na akaunti. Nyingine zimeunganishwa kwa ajili ya kuingilia tu, yaani uliingia kwenye tovuti fulani kwa kutumia Google badala ya kufungua akaunti mpya. Hizo hazigusi chaneli. Unazotafuta ni zile zenye neno YouTube kwenye maelezo ya ruhusa.

Ibonyeze moja moja usome inaruhusiwa nini. Kuna tofauti kubwa kati ya kuona akaunti yako ya YouTube na kuisimamia. Inayosimamia inaweza kubadilisha kichwa cha matangazo, kuanzisha mengine na kufuta video. Kiprogramu cha kuonyesha maoni hakina haja ya kusimamia chochote.

Usiyoitambua, iondoe. Uliyoitambua lakini huitumii, iondoe pia. Ukija kuihitaji, kuirudisha ni kazi ya dakika mbili, na hapo utasoma inachoomba kwa macho mapya. Baada ya kuondoa, jipe muda kidogo kabla ya kujaribu, kwa sababu Google wenyewe wanasema kukatika kwa idhini kunaweza kuchelewa kidogo.

Mtego uko hapa: orodha hii ni ya akaunti iliyobonyeza "ruhusu". Ikiwa idhini ilitolewa na akaunti nyingine iliyopewa usimamizi wa chaneli, wewe mwenye chaneli utatazama orodha yako, utaiona safi, utalala usingizi wa bure. Kila mtu aliyeandikwa kwenye daftari lenu lazima akague orodha yake, na asiyehusika tena atolewe kwenye usimamizi wa chaneli kabisa, kupitia ruhusa za chaneli ndani ya YouTube Studio. Kwetu ilibidi tumpigie simu yule kijana wa Mombasa. Hakukasirika. Alicheka, kisha akakuta nyingine mbili.

Hatua ya 3: safisha upande wa Twitch

Anwani ni twitch.tv/settings/connections. Juu utaona akaunti zako nyingine ulizoziunganisha. Teremka chini mpaka kwenye orodha ya programu. Wengi huishia juu wakadhani wamemaliza. Kando ya kila programu kuna kitufe cha "Disconnect". Ukikibonyeza, tokeni zake zimekufa.

Kwa vijana wanaorusha mpira wa kompyuta, angalieni na wasimamizi wenu wa gumzo. Msimamizi anaweza kuipa programu idhini ya kufungia watazamaji kwa jina lake yeye, na programu hiyo itafanya kazi kwenye chaneli zote anazosimamia, ikiwemo yako. Kwenye orodha yako haitaonekana kamwe. Ukiona watazamaji wanafungiwa ovyo, mwondolee huyo usimamizi kwanza, lawama baadaye.

Boti ya gumzo (si ya kwenda Mokowe, ni programu inayojibu gumzo yenyewe) ifungulie akaunti yake yenyewe. Iandike kwa jina lake, iwe na idhini ya kusoma na kuandika gumzo tu. Ikiharibika unaitoa yenyewe, na chaneli yako haitikisiki.

Hatua ya 4: sasa badilisha ufunguo wa matangazo

Mpangilio huu una sababu. Programu yenye idhini ya kusimamia matangazo ya YouTube inaweza kuusoma ufunguo wa matangazo. Twitch nako kuna idhini ya kuusoma ufunguo huo. Ukibadilisha ufunguo kabla ya kuzitoa programu, unaikabidhi mpya ileile programu unayoikimbia.

YouTube: fungua ukurasa wa kurusha matangazo ndani ya Studio, mahali unaponakili ufunguo kwa ajili ya OBS, ubonyeze kitufe cha kuuweka upya. Twitch: kwenye dashibodi yako, mipangilio ya matangazo. Kisha bandika mpya kwenye OBS, au uunganishe akaunti moja kwa moja ndani ya OBS ili usihitaji kuubeba ufunguo mkononi. Nimekuta funguo za matangazo kwenye makundi ya WhatsApp yenye watu sitini, zimebandikwa juu kabisa ili zisipotee.

Mnamo Oktoba 2021, data nyingi za Twitch zilipovuja, kampuni yenyewe ilibadilisha funguo za matangazo za watumiaji wote. Walioamka siku ile wakakuta OBS imegoma walidhani ni mtandao.

Hatua ya 5: nenosiri, vifaa na vidakuzi

Nenosiri jipya, uthibitishaji wa hatua mbili, kisha fungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti na uvitoe vyote usivyovijua. Hii ya mwisho isipuuzwe. Mwezi huohuo wa Oktoba 2021, Google walieleza jinsi wezi wa chaneli za YouTube walivyokuwa wakifanya kazi tangu mwishoni mwa 2019: barua pepe ya biashara inayoomba ushirikiano, faili la kupakua, na virusi vinavyoiba vidakuzi vya kivinjari, yaani vile vijifaili vinavyokumbuka kwamba umekwisha kuingia. Mwenye vidakuzi hivyo anaonekana kama wewe uliyekwisha kuingia, kwa hiyo hata hatua ya pili haimkuti. Hiyo si tokeni ya programu, na kufuta programu hakutamtoa. Kumtoa ni kuvifunga vifaa.

Hatua ya 6: anapopiga hodi mgeni mpya

Programu ya kweli haikuombi nenosiri la YouTube ndani ya ukurasa wake. Inakupeleka kwa Google, anwani inaanza na accounts.google.com, unakubali huko, unarudishwa. Twitch vilevile, unapelekwa twitch.tv. Ukurasa wowote mwingine unaotaka nenosiri lako, ufunge.

Kisha soma. Siku hizi Google mara nyingi huweka visanduku, kila ruhusa na chake, na unaweza kukubali kimoja ukakataa kingine. Jiulize programu hii inafanya kazi gani. Ikiwa ni ya kuhesabu waliojiunga, kwa nini inataka kufuta video? Ukiona onyo kwamba Google haijaithibitisha programu hiyo, na aliyeiandika si mtu unayeweza kumfuata mpaka barazani kwake, rudi nyuma.

Andika kwenye daftari: jina la programu, akaunti iliyokubali, tarehe, na kazi yake. Mistari minne. Ingetuokoa siku ile.

Kuna siri nyingine inayojificha mahali pa wazi. Vile visanduku vya arifa unavyoviweka kwenye OBS, vya Streamlabs au StreamElements kwa mfano, huletwa na anwani ndefu ya tovuti, na ndani ya anwani hiyo mna tokeni. Ukimwonyesha mtu skrini yako ya OBS ukiwa hewani, au ukipiga picha ya skrini kuuliza msaada, umeigawa. Ikitokea, iweke upya kwenye mipangilio ya huduma hiyohiyo.

Kwa anayeandika programu yake

Wako vijana Lamu wanaojiandikia boti, na nawapongeza, ila nimeona tokeni zimeandikwa katikati ya msimbo kisha zikapandishwa kwenye hazina ya wazi ya GitHub. Ziweke kwenye faili la mazingira lililo nje ya msimbo, na faili hilo lisipandishwe. Ukishaipandisha hata kwa dakika moja, ihesabu imepotea: kuifuta kwenye faili hakutoshi kwa kuwa historia imeihifadhi. Ibatilishe.

Kubatilisha ni ombi moja tu. Kwa Twitch, tuma ombi la POST kwa https://id.twitch.tv/oauth2/revoke pamoja na kitambulisho cha programu yako na tokeni yenyewe. Kwa Google ni https://oauth2.googleapis.com/revoke pamoja na tokeni. Ukiibatilisha ya kuhuisha, umeukata mzizi.

Twitch wanataka programu inayomweka mtu ameingia ithibitishe tokeni yake inapoanza na kila saa baada ya hapo, kwa https://id.twitch.tv/oauth2/validate. Jibu linakuambia idhini zilizomo na muda uliobaki. Ukipata 401, jaribu kuihuisha. Ikikataa, mtumiaji amekutoa au amebadilisha nenosiri, basi mwombe upya kwa adabu. Usizungushe ombi lilelile mara elfu.

Kwa Google, yako mambo matatu yanayowachanganya watu. Mradi ulioachwa katika hali ya majaribio kwa watumiaji wa nje, tokeni zake za kuhuisha hufa baada ya siku 7. Boti iliyofanya kazi vizuri Ijumaa inagoma Ijumaa ya pili na mwenyewe anailaumu Safaricom. Tokeni ya kuhuisha isiyotumika kwa miezi sita nayo hufa. Na akaunti moja ya Google kwa programu moja hubeba tokeni za kuhuisha 100. Ya mia na moja inaiua ya zamani kuliko zote bila onyo. Kwa hiyo ihifadhi uliyopewa, usiombe mpya kila programu inapowashwa.

Omba idhini ndogo kabisa inayotosha. Kama boti inasoma tu, chukua youtube.readonly.

Lini ufanye haya

Si siku ya shughuli. Ukikata miunganisho asubuhi ya harusi, adhuhuri utagundua uliyoikata ndiyo iliyokuwa ikipeleka picha Facebook. Na usijidanganye kwamba mambo yakiharibika utafungua chaneli nyingine papo hapo: kuruhusiwa kurusha kwa mara ya kwanza YouTube kunaweza kuchukua mpaka saa 24.

Sisi tunasafisha mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni mfungo tano, kabla ya mfungo sita kuingia na Maulidi kuujaza mji wageni, mtandao ukawa mzito na kila mtu akataka kuunganisha simu yake. Mara ya pili ni kabla ya tamasha la mwisho wa mwaka. Nje ya hapo, tunasafisha kila mtu anapoondoka kwenye kundi, siku hiyohiyo, hata kama ameondoka kwa wema na tumemfanyia karamu.

Kumbuka pia kwamba kuikata programu hakufuti ilichokwisha kuchukua. Majina ya watazamaji na maoni yao iliyonakili bado yako kwenye seva zake. Kenya tunayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayokupa haki ya kudai data zako zifutwe. Waandikie, hifadhi nakala ya barua.

Usiku wa kuamkia shughuli, rusha majaribio ya dakika tano yasiyoorodheshwa, angalia kichwa, sauti, maoni na kila kiprogramu kilichobaki kwenye daftari. Kiungo cha majaribio yetu anatumiwa mtu mmoja tu, ami. Huwa anatazama mpaka mwisho, kisha anapiga simu kuniambia mlingoti umekaa upande.